Mche Bila Kiriba



Leo tuko kitaluni. Masika yakikaribia, kando ya barabara zetu miche hupangwa kwa maelfu: miembe, miparachichi, mipapai, miashoki ya kivuli, maua ya kila rangi. Mteja hukagua majani, huuliza bei, huomba apunguziwe. Kile kimfuko cheusi kilichobeba udongo, yaani kiriba, hakitazamwi na mtu. Na mche ukishaingia shimoni, hakuna anayeuliza kiriba kimekwenda wapi.

Tukumbushane. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Rwanda ikafuata mwaka 2008. Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017, tena kwa adhabu ya kutisha: faini inayofika shilingi milioni 4 za Kenya, au kifungo kinachofika miaka minne. Tanzania Bara ikaingia tarehe 1 Juni 2019, na sote tunakumbuka wiki zile, watu wakihangaika na vikapu na bahasha. Lakini kanuni za Bara zililenga mifuko ya kubebea bidhaa. Plastiki inayotumika hospitalini, viwandani, kwenye ujenzi na kwenye kilimo haikuguswa. Kiriba kikabaki kitaluni kwake salama salimini, na hadi leo kinauzwa kwa kilo kwenye maduka ya pembejeo.

Silaumu waliotunga kanuni. Huwezi kumwambia mwenye kitalu cha kahawa au cha misindano aache viriba kesho asubuhi bila kumpa kitu kingine mkononi. Ninachosema ni kwamba tangu wakati huo miaka imepita, na hicho kitu kingine tumekitafuta kwa uvivu sana.

Hebu tufanye hesabu. Halmashauri zetu zimewekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kila moja, kila mwaka. Majirani zetu wa Kenya walizindua Desemba 2022 mpango wa miti bilioni 15 hadi mwaka 2032. Malengo hayo nayaunga mkono. Ila chukua halmashauri moja tu, tuseme miche yake yote imekuzwa katika viriba vya kimo cha sentimita 15. Vilaze viriba hivyo kimoja baada ya kingine barabarani, uanzie Dar es Salaam kuelekea bara. Utafika kilomita 225, na Morogoro mjini utakuwa umeshaipita. Hiyo ni halmashauri moja kwa mwaka mmoja.

Na siku yenyewe ya kupanda tunaijua. Mgeni rasmi amechelewa, jua limepanda, wanafunzi wamesimama kwenye mashimo yao tangu asubuhi. Maelekezo ni mazuri: chana kiriba kwa wembe, kitoe chote, usivunje bonge la udongo, fukia, kusanya viriba. Ngoma ya mwisho ikishapigwa, maelekezo yanasahaulika. Huyu amechana upande mmoja tu, yule amefukia mche na kiriba chake, wa tatu amekitupa na upepo umekichukua. Jua hukikausha kile kiriba, kikakatikakatika, vipande vikaingia udongoni. Hapo hata ukitaka kukiokota, utaokota nini?

Ubaya wa kiriba hauishii kwenye uchafu. Kinaugusa mti wenyewe. Mzizi unaposhuka na kukuta ukuta laini wa plastiki, hausimami. Huambaa ukutani na kuanza kuzunguka. Mche ukikaa kitaluni kupita wakati wake, mizizi husokotana chini ya kiriba. Ukiupanda hivyo, wala hutaona dosari mwanzoni, maana majani ni ya kijani na mti unapanda. Miaka michache baadaye mti umedumaa, au upepo wa kusi umeulaza chini, na ukiufukua unakuta mizizi imejinyonga yenyewe. Ndiyo maana mabwana miti wanahimiza miche ihamishwehamishwe kitaluni na mizizi inayochungulia ikatwe. Kazi hiyo yote tunaifanya kwa sababu ya chombo tulichochagua.

Kuna watakaosema: bila kiriba tutakuza vipi? Nawajibu kwa historia. Polithini iligunduliwa Uingereza mwaka 1933. Mikarafuu ya Unguja na Pemba ilienea karne nzima kabla ya hapo, na hakuna mche hata mmoja uliolelewa kwenye plastiki. Kule Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902, wakaotesha miti ya mamia ya aina kutoka mabara mengine. Mingine imesimama hadi leo, na shina lake hulikumbatii peke yako. Na Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, akina mama wa vijijini waliotaka kuotesha miti walianza na walichokuwa nacho, hata vyungu vilivyovunjika, wakaviinua juu ili kuku na mbuzi wasifikie miche. Mwaka 2004 Profesa huyo akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kwa hiyo tuanze na mboga, maana huko ndiko tunakopoteza plastiki bure kabisa. Siku hizi mtu ana bustani ya hatua kumi nyuma ya nyumba, naye ananunua viriba vya kuoteshea nyanya. Vya nini? Nyanya, kabichi, sukuma wiki, bilinganya, vitunguu, hii ni miche isiyodai chombo chochote. Inataka tuta. Lainisha udongo, changanya mboji au samadi iliyooza, chora mistari, sia mbegu kwa kuachanisha, funika kwa nyasi kavu mpaka zichomoze, kisha nyasi uzihamishie juu ya kichanja ziwe kivuli. Wakulima wa tumbaku wa Tabora na wakulima wa mpunga wa mabonde mengi ya nchi hii wanakuza miche kwenye matuta ya kitalu, wanang'oa, wanapandikiza, na mavuno yanapatikana. Siri yao ni ndogo: mwagilia tuta kabla ya kung'oa, hamisha jioni jua likiwa limepoa, na wiki moja kabla ya hapo punguza maji na kivuli ili mche uzoee shida.

Nyumba yako haina ardhi, una roshani tu? Tafuta sanduku la mbao. Kasha lililoleta maembe sokoni linatosha, au mabanzi ya kiwanda cha mbao yaliyopigiliwa misumari. Kina cha kiganja kimoja kinatosha mche wa mboga. Acha nyufa chini maji yatoke, tandika nyasi kavu udongo usimwagike, basi. Sanduku hilo utalitumia msimu baada ya msimu hadi mbao zioze zenyewe, nazo zikioza ziende kwenye mboji.

Sasa kuna mimea inayonuna mizizi yake ikiguswa. Mpapai ni mmoja. Mkorosho una mzizi mkuu unaotaka kushuka moja kwa moja, na wazee wa kusini walizoea kufukia korosho palepale mti utakaposimama. Matikiti, matango na maboga nayo ni hivyohivyo. Kwa mimea hii, kama huwezi kupanda mbegu shambani moja kwa moja, unahitaji bonge la udongo litakalohama zima. Hapa ndipo kuna njia ninayoipenda kuliko zote, na inashangaza jinsi isivyojulikana kwetu: tofali la udongo.

Ni hivi. Unachukua udongo wa juu wenye mfinyanzi kidogo, mboji iliyochekechwa na mchanga. Unaloweka hadi mchanganyiko uwe mzito na mbichi. Ukiubana mkononi, matone ya maji yapenye kati ya vidole. Unatafuta kalibu. Wenzetu wa Ulaya na Marekani huuziwa kalibu za chuma zenye mpini na springi, na mkulima wa Marekani Eliot Coleman amezipigia debe sana katika vitabu vyake. Sisi hatuna haja ya springi. Kopo dogo la bati lililotolewa mfuniko na kitako, pamoja na kipande cha mti kinachopita ndani yake, linatosha. Shindilia udongo koponi, sukuma kwa kile kipande, na tofali linatoka limesimama lenyewe. Kwa kidole toboa kitundu juu, tia mbegu, funika.

Tofali halina ukuta, na faida yake iko hapo. Mzizi ukifika ukingoni mwa tofali unakutana na hewa, unasita, na mche unaotesha mizizi mingine kutoka ndani. Hakuna kusokotana. Ukipanga matofali juu ya kichanja cha fito au wavu, hewa ikapita hata chini, mizizi ya chini nayo inajikata yenyewe. Siku ya kupanda hutoi kitu wala huchani kitu. Unaliweka tofali shimoni na mche haujui hata kama umehama. Gharama ya kudumu ni kopo moja.

Wazungu hutumia mboji ya vinamasi, ambayo sisi hatuihitaji. Pwani tuna makumbi. Vumbi linalobaki makumbi yakishapondwa na usumba ukatolewa linashika maji vizuri sana, na ukilichanganya na udongo, tofali linakuwa jepesi. Lakini sikiliza hili vizuri, hasa wewe uliye Unguja: makumbi ya kusokotea kamba yamezikwa baharini kwa miezi, nayo yamenywa chumvi. Ukisia mbegu humo bila kuyasuuza, utasubiri hadi uchoke. Suuza kwa maji baridi mara kadhaa, ukamue, na uonje maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Yakiwa bado yana chumvi, rudia.

Vifuu pia tunavyo, na tunavichoma tu. Nusu ya kifuu yenye macho ina tundu lake tayari, kwa sababu jicho moja ni laini na linatobolewa hata kwa msumari. Nusu ya pili itabidi uitoboe mwenyewe. Mche wa pilipili unakaa humo raha mustarehe, na kifuu kile kile kitarudi kazini misimu mingi.

Wa Kilimanjaro na Kagera wana migomba. Ganda kavu la mgomba hukunjwa likawa bomba, likafungwa kwa uzi wake mwenyewe na kujazwa udongo. Kikasha hicho hakirudi, ni kweli, kwa sababu unakifukia pamoja na mche nacho kinaoza. Kinafaa kwa mche wa wiki chache. Mti unaokaa kitaluni nusu mwaka utakimaliza kabla ya siku ya kupanda. Karatasi za gazeti zilizoviringishwa kwenye chupa ni vivyo hivyo, tena dhaifu zaidi, ukizimwagilia kwa fujo zinapasuka.

Kwa miti inayokaa muda mrefu, Iringa na Njombe wana jibu linalomea nyuma ya nyumba zao. Watu wanaojua kutengeneza mbeta ya kugemea ulanzi hawawezi kushindwa na chungu cha mche. Kata pingili ya mwanzi, ipasue katikati kwa urefu, rudisha nusu mbili pamoja na uzifunge kwa kamba ya katani. Jaza udongo, panda mbegu. Siku ya kwenda shambani fungua kamba, nusu mbili ziachane, bonge la udongo libaki zima mkononi mwako. Funga tena, jaza tena. Mwanzi uloweke majini kabla ya kuutumia, la sivyo wadudu wataubungua ukawa unga.

Na ufinyanzi je? Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa kule Kyela, wanafinyanga vyungu vya kupikia vinavyopakiwa kwenye mitumbwi na kuuzwa mnadani Matema. Sijui kwa nini hakuna mwenye hoteli au mwenye bustani kubwa anayewaagiza vikopo vya miche vyenye tundu chini. Chungu kinapumua, mizizi haipati joto. Kina tabia ya kukauka upesi, lakini ukikizika hadi shingoni kwenye mchanga mbichi, shida hiyo imekwisha. Kikivunjika, vigae vyake huwekwa chini ya chungu kingine ili maji yapite. Kwa safari ndefu ya lori sikishauri. Kizito, na barabara zetu mnazijua.

Makopo ya bati sina mengi ya kusema. Toa kitako, lainisha kingo zisikukate, weka kivulini maana bati huchemka juani, na ukubali kwamba kutu italila siku moja.

Anayetumia chombo tena na tena lazima ajue adui yake. Anaitwa kinyausi. Miche imeota vizuri, asubuhi moja unakuta imelala, shina limenywea pale linapogusa udongo. Huyo ni kuvu, anakaa kwenye udongo wa zamani na kwenye vyombo vichafu, na anapenda unyevu na msongamano. Kwa hiyo chombo kilichorudi kisuguliwe udongo wote utoke, kioshwe kwa sabuni, kianikwe jua kali. Sanduku la mbao limwagie maji yanayochemka. Udongo wa kitalu usirudie uleule. Ukilazimika, choma majani makavu juu ya tuta kama wakulima wa zamani walivyofanya, au uchemshe udongo kwa mvuke kwenye pipa. Kisha usimwagilie jioni sana, na mbegu usizirundike. Wengi waliojaribu vyombo vya kurudia wakaacha, wamekimbizwa na kinyausi, wakadhani kosa ni la kopo au la mwanzi.

Nisieleweke vibaya. Kama una trei ngumu za plastiki, zile nene za vitalu vya biashara, usizitupe ili uonekane mtu wa mazingira. Zitumie mpaka zichakae. Trei inayofanya kazi miaka mingi haina ugomvi na mimi. Hata viriba ulivyonavyo, usivichane. Mwagilia mche, kibinyebinye kiriba pande zote, kisukume taratibu na bonge litachomoka. Kiriba kizima kinaweza kujazwa tena. Ninayempinga ni kiriba cha siku moja. Na jihadhari na ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, watu wameanza kuoteshea humo wakidhani wametoka kwenye plastiki. Ile ni plastiki pia, imetengenezwa kwa namna nyingine tu, na ikizikwa ardhini itakaa humo.

Tatizo langu kubwa haliko kwa mama mwenye bustani ya mchicha. Liko kwenye namna tunavyohesabu. Mradi unapoandika ripoti, unaandika miche mingapi imegawiwa. Mzabuni analipwa kwa miche iliyo kwenye viriba, kwa sababu kiriba ni rahisi kuhesabiwa na kupakiwa. Hakuna safu ya vyombo vilivyorudi. Wakati huohuo miti kama msaji hupandwa kwa stampu, yaani kijiti kifupi chenye shina na mzizi vilivyokatwa, bila chombo wala udongo, na mamia yake yanaingia kwenye gunia moja. Kwenye mashamba ya misaji kule Muheza jambo hili si geni. Lakini stampu haipendezi kwenye picha ya mgeni rasmi.

Mbona soda tuliweza? Unanunua soda ya chupa dukani, unaacha hela ya chupa, ukirudisha unapewa yako. Mwenye kitalu wa kando ya barabara anaweza kufanya hivyo kwa mwanzi, kwa kopo, kwa chungu, hata kwa kiriba kizima. Shilingi mia mbili juu ya bei ya mche, irudi chombo kikirudi. Utaona watoto wa mtaa watakavyoviokota.

Basi naomba mambo mawili. Wewe mwenye bustani ya nyumbani, msimu huu usinunue kiriba hata kimoja kwa ajili ya nyanya wala sukuma wiki. Piga tuta au tafuta sanduku. Na nyinyi mnaoandaa Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, kwenye fomu zenu ongezeni safu moja: vyombo vilivyorudishwa kitaluni. Mtangazieni mgeni rasmi namba hiyo pamoja na ile ya miche, hadharani, kabla hajapanda gari lake.